Gilasi ya Inchi Nane

Tarehe 9 Novemba, saa tatu asubuhi. Mawingu sehemu sita kwa nane. Upepo hafifu wa mashariki. Ardhi imelowa. Mvua, milimita 13.1.

Mtunza ghala la mbegu aliandika hayo kwa wino wa bluu, akaupuliza ukurasa ukauke, akafunga rejista. Kazi hiyo aliifanya kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na tisa, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Siku aliyojifungua mtoto wake wa mwisho aliifanya saa tatu, akaenda hospitali saa nne. Mtaani walimwita Mama Milimita. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Aliliacha tu, kama mtu anavyomwacha paka wa jirani alale barazani.

Ajira yake hasa ilikuwa magunia ya mbegu. Mvua alikabidhiwa na mtu aliyemtangulia, pamoja na funguo za ghala na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Kipimamvua kilisimama nyuma ya ghala, hatua arobaini na mbili kutoka mlangoni, ndani ya uzio wa waya wenye geti dogo alilotengeneza mumewe. Kilikuwa bomba la bati la rangi ya risasi, na juu yake mdomo wa duara. Mvua iliingia mdomoni ikateremkia kwenye chupa, na asubuhi yeye aliimimina ndani ya gilasi nyembamba yenye mistari. Aliinama mpaka jicho lake likalingana na maji, akasoma pale tumbo la maji linapobonyea, si pale yanapopanda kwenye kingo. Kisha aliandika. Akikosea, kanuni ilikuwa asifute. Alitakiwa apige mstari mmoja mwekundu juu ya namba ya kwanza ili ibaki ikisomeka, aandike namba sahihi juu ya mstari na sababu pembeni. Kanuni hiyo aliijua kwa moyo, lakini kalamu nyekundu hakuwahi kuitumia.

Jambo hilo lilikuwa limefika mbali. Mwezi Septemba aliletewa barua kutoka ofisi kuu: Desemba aende na rejista yake, ikaoneshwe kwa wapimaji wapya kama rejista ya mfano. Barua aliisoma mara moja, akaikunja katikati na kuiweka ndani ya jalada la rejista yenyewe. Mumewe ndiye aliyeitangaza mtaa mzima.

Namba zake zilisubiriwa na watu wengi, lakini hakuna aliyezisubiri kama afisa wa nzige, ambaye watu walimwita Bwana Nzige, naye akaitika. Nzige jike hatagi penye ukavu. Huchomeka mkia mchangani, na akikuta vumbi tupu huuchomoa akaenda kujaribu pengine. Akikuta unyevu huacha mayai humo, akaziba tundu kwa povu. Mayai nayo hunywa maji ya mchanga yakavimba, yasipoyapata hunyauka. Kukiwa na unyevu na joto, wiki mbili zinatosha kuwatoa tunutu, watoto wa nzige wasio na mbawa, nao kwa wiki tano au sita hawana usafiri ila miguu yao. Hapo ndipo watu wa dawa wanapowataka. Wakishaota mbawa, mtu anabaki kuangalia juu.

Kwa hiyo ofisi ya Bwana Nzige ilikuwa na kanuni yake. Kila mwezi waliugawa mara tatu, siku kumi kumi. Mahali nzige walipoonekana, mvua ya siku kumi ikifika milimita ishirini na tano, gari la upekuzi lilipelekwa kuchimba mchanga na kutafuta. Isipofika, mahali hapo paliachwa. Gari lilikuwa moja na eneo lilikuwa kubwa, na hiyo ndiyo sababu ya kanuni.

Tarehe 28 Oktoba kundi la nzige wa manjano, rangi ya waliokwisha kukomaa, lilitua Ng'ambo, yaani kwenye tambarare ya mchanga iliyo upande wa pili wa korongo, watu wanakolima mtama. Lilikaa usiku mbili likaondoka. Mama Milimita alipeleka namba zake za siku kumi za mwisho wa Oktoba: jumla 11.4. Ng'ambo ikaachwa. Jana yake, tarehe 8, Bwana Nzige alimpigia simu kumjulisha kwamba kesho kutwa, tarehe 10 saa kumi na mbili asubuhi, gari lingeelekea milimani kwa wiki mbili, kwa kuwa huko mvua zilikuwa za kutosha. Kwenu ni kukavu, alimwambia, na akamshukuru.

Asubuhi hii ya tarehe 9, baada ya kufunga rejista, alipita mbele ya karakana ya mumewe, iliyokuwa upande wa barabarani wa uwanja ule ule. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno mengi na kazi safi. Siku hiyo alikuwa na mdogo wake, mkulima wa Ng'ambo, aliyekuja na pikipiki kuchomelewa ncha ya plau. Wote wawili walikuwa wameuinamia mkebe wa rangi wa lita nne, uliosafishwa na kuachwa wazi nje tangu jana.

"Leo umeandika ngapi?" mumewe aliuliza.

Alimwambia kumi na tatu nukta moja.

"Unaona?" Fundi alimgeukia mdogo wake. "Vidole viwili vya maji hivi, yeye ameona kumi na tatu. Milimita za huyu mama zina mkono wa birika."

Shemeji alicheka akashika tumbo. Alisema huyu shem wake hakuanza leo. Tarehe 27 mwezi uliopita alikuja kumwambia kwamba Ng'ambo mchanga umelowa mpaka kifundo cha mkono, unafinyangika kama unga uliokandwa, akajibiwa kwamba rejista haisomi mikono ya watu.

Ni kweli alimjibu hivyo. Watu walimletea mvua za kila namna, mvua za ndoo, mvua za sufuria, mvua za magoti, na kila mwenye shamba alizidisha. Alikuwa amezoea kuwasikiliza na kuandika namba yake. Lakini utani wa mbele ya shemeji haukumpendeza, akaingia ghalani kuchukua rula. Nia yake ilikuwa kuwanyamazisha. Mkebe ulikuwa wa kuta zilizonyooka, ulisimama mahali tambarare, mbali na paa na mbali na mti. Maji yaliyoingia humo yalikuwa ya mvua peke yake. Alitumbukiza rula mpaka chini, akainama, akasoma.

Milimita thelathini na tatu na nusu.

Alisoma tena. Akazunguka upande wa pili wa mkebe, akasoma mara ya tatu.

"Basi?" alisema mumewe.

"Basi nini. Nenda kachome plau ya watu."

Wanaume walidhani amekasirika. Yeye alikuwa anahesabu. Mvua yaweza kutofautiana kati ya mtaa na mtaa, lakini si hatua sitini ndani ya uwanja mmoja. Alirudi kwenye kipimamvua. Alikagua bomba kama lina tobo, halikuwa nalo. Alikagua chupa, nayo ilikuwa nzima. Alipima mdomo kwa rula: inchi tano, kama ulivyokuwa siku zote. Kikabaki kitu kimoja.

Gilasi ile ilikuwa mpya. Ya zamani ilipasuka tarehe 3 Oktoba alipoisuuza kwa maji ya moto, kosa lake mwenyewe, na aliliripoti siku hiyo hiyo. Nyingine iliwasili tarehe 11, kabla mvua nyingine haijanyesha, kutoka bohari kuu, imefungwa ndani ya maranda. Urefu wake na unene wake vilikuwa kama vya ile ya zamani, na nafasi kati ya mistari yake hakuipima. Chini ya kitako ilibandikwa karatasi ya bohari yenye namba ya mali. Alijaza maji kwenye beseni akailoweka humo kitako chini, akasubiri dakika kumi huku akitazama saa ya ukutani. Karatasi ilipolegea aliivua kwa ukucha. Chini yake, kwenye gilasi yenyewe, kulikuwa na alama iliyochongwa: 8.

Ilikuwa gilasi ya kipimamvua cha mdomo wa inchi nane. Mdomo mpana hukusanya maji mengi, kwa hiyo mistari ya gilasi yake imetanuliwa. Ukiweka humo maji ya mdomo wa inchi tano, yanaonekana haba. Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akapiga hesabu nyuma yake. Nane kwa nane, tano kwa tano, moja kwa nyingine. Kila namba aliyoandika tangu tarehe 11 Oktoba ilitakiwa izidishwe kwa mbili nukta hamsini na sita.

Alikaa juu ya gunia la mbegu, jambo ambalo aliwakataza watu wote. Kisha akafungua saraka ya meza, akatoa nakala ya karatasi ya kupokelea kifaa. Sentensi ya nne ilisema: Nimelinganisha gilasi na mdomo wa kipimamvua. Chini yake palikuwa na sahihi yake, nzuri, ya kulala kidogo kulia. Aliikumbuka siku hiyo. Mwenye pikipiki ya vifurushi alisimama mlangoni, injini ikinguruma, akisema ana safari tatu nyingine. Gilasi ilifanana na ya zamani, akatia sahihi.

Hakuona haja ya kuilaumu bohari. Bohari walituma gilasi. Kulinganisha kulikuwa kazi yake.

Alifungua rejista na kuorodhesha siku zenye mvua tangu hapo. Zilikuwa sita, ya leo ikiwemo. Namba ya tarehe 26 Oktoba aliyoiandika 9.4 ikawa 24.1. Ya tarehe 22 iliyokuwa 2.0 ikawa 5.1. Jumla ya zile siku kumi za mwisho wa Oktoba haikuwa 11.4. Ilikuwa 29.2. Nzige walitua tarehe 28 juu ya mchanga uliolowa siku mbili kabla yake. Shemeji hakuzidisha kitu.

Hapo lilimjia wazo lingine, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika, aliliandika nalo ili alitazame. Rejista ingeweza kuachwa kama ilivyo. Namba ya leo tu angeiandika upya, 33.5, kwenye ukurasa mpya wa taarifa ya kesho. Hiyo peke yake ingevuka ishirini na tano, na Ng'ambo ingeingia kwenye orodha. Hakuna ambaye angeuliza la Oktoba. Desemba angesafiri na rejista yake safi.

Aliipigia hesabu hata hiyo. Ofisi huhesabu siku kuanzia mvua. Wakiona mvua ya kwanza ya maana Ng'ambo ni ya tarehe 9 Novemba, watasema mayai yataanguliwa tarehe 23, basi twende milimani kwanza, tukirudi tutawakuta bado. Lakini mayai, kama yapo, yalitagwa tarehe 28 na 29 Oktoba. Yangepasuka tarehe 11, 12, au 13. Gari likirudi, tunutu watakuwa na siku kumi na zaidi juu ya ardhi, wametawanyika katika mtama wote wa Ng'ambo, na mtama ule ndio chakula cha shemeji na mkewe na watoto wao watano, na cha nyumba nyingine kama sitini. Nusu ya ukweli ingefika kwa kuchelewa.

Aliikunja kalenda akaitia mfukoni, akampigia Bwana Nzige.

Bwana Nzige alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, mwenye mafua yasiyopona. Alisema anamheshimu sana mama, lakini ana gari moja, mafuta yamekwisha kupimwa, watu wa milimani wameambiwa, na yeye hawezi kwenda kwa mkubwa wake kusema anageuza safari kwa sababu ya mkebe wa rangi.

"Si mkebe," alisema Mama Milimita. "Mkebe ulinionesha tu. Kosa ni langu. Nilitia sahihi kwamba nimelinganisha gilasi, na sikulinganisha."

Upande wa pili alisikika akipenga kamasi.

"Wewe?"

"Mimi."

Bwana Nzige alisema vizuri, lakini anahitaji kitu cha kushika. Amletee mchanga wa Ng'ambo, yaani ampe habari za ndani ya mchanga: unyevu umefika wapi, na kuna nini humo. Akizipata kabla ya saa kumi na moja jioni, atajua la kufanya. Baada ya hapo, dereva atakuwa amekwisha kupewa karatasi za safari.

Alifunga ghala, jambo ambalo siku ya kazi hakulifanya kamwe, akaning'iniza kibao mlangoni. Alichukua rula, kijiko cha chakula, kamba aliyoipima mita nne, daftari na penseli. Fundi alipomwona anapanda pikipiki nyuma ya mdogo wake alizima mashine, akainua kofia ya kuchomelea.

"Unatoroshwa?"

"Narudi kabla ya jua kuzama," alisema. "Chakula kimo kwenye kabati. Na ule mkebe usiuguse."

Njiani alimweleza shemeji yote, kwa sauti, kwa kuwa upepo ulikuwa unakula maneno. Alitegemea kusimangwa. Shemeji aliendesha mpaka walipovuka korongo na pikipiki ikaanza kuyumba mchangani.

"Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa sahihi," alisema.

"Ulikuwa sahihi."

"Nitakuja kukukumbusha hilo, shem. Si leo."

Mtama ulikuwa umefika magotini, wa kijani kibichi. Kati ya mashamba kulikuwa na vipande vitupu vya mchanga, na huko ndiko nzige walikotua. Shemeji alimwonesha vishimo ambavyo alikuwa ameviona na kuvipuuza, kana kwamba mtu alichoma mchanga kwa kidole mara nyingi, halafu mvua ya jana ikavilainisha kingo. Katika vingine lilikuwepo povu lililokauka, jepesi, la rangi ya chai ya maziwa.

Alipiga magoti akachimba kwa kijiko, akikata upande mmoja wima kama anayekata mkate, ili auone mchanga ulivyopangika. Juu kulikuwa na mvua mpya ya jana. Chini yake unyevu haukukatika. Uliendelea mpaka sentimita ishirini na mbili. Aliandika. Kwenye sentimita tisa kijiko kiligusa kitu kisicho mchanga. Alikiacha kijiko akatumia vidole. Kilikuwa kifuko chembamba kilichopinda kidogo, urefu wa kidole cha shahada, na alipokibandua kwa ncha ya penseli mayai yalitoka yamelaliana kama punje za mchele, ila yamenenepa. Aliyahesabu juu ya ukurasa wa daftari. Yalikuwa sabini na manne.

Shemeji alichuchumaa karibu. Aliuliza kama yamekufa.

Alilichukua moja, akalielekeza juani. Ndani yake, upande mmoja, kulikuwa na vidoa viwili vyeusi.

"Nini hivyo?"

"Macho," alisema.

Shemeji alisimama. Aliutazama mtama wake kutoka mwisho mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta mbuzi. Alisema watu wa Ng'ambo walishukuru mvua ile. Walishukuru kwelikweli.

Mama Milimita alitandaza kamba pembe nne, mita moja kila upande, akachimba ndani yake na kuhesabu vifuko. Alipata kumi na kimoja. Alihama hatua hamsini, akarudia: saba. Akahama tena: kumi na vinne. Mahali pa nne hapakuwa na kitu, akaandika sifuri kwa uangalifu ule ule. Pa tano palikuwa na tisa. Shemeji alikuwa anafukua na yeye anahesabu, na hawakuzungumza isipokuwa namba. Jua lilikuwa kali na mchanga ulitoa joto kwa chini. Aliweka kiganja juu yake akaona kwamba siku kumi na nne zilikuwa hesabu ya ukarimu, mayai yangeweza kuwahi.

Simu ilipata mtandao juu ya kichuguu karibu na njia. Saa kumi na dakika ishirini alisimama hapo akamsomea Bwana Nzige daftari lake, mstari kwa mstari, bila kuongeza neno. Aliposoma habari za macho, Bwana Nzige alimkatiza akamwomba arudie.

"Nani amehesabu?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Rula ni ya inchi kumi na mbili, nimeiangalia."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Bwana Nzige alicheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. Kisha akasema gari litakuja Ng'ambo kesho, milimani watangoja siku tatu. Shemeji awasubiri korongoni saa mbili awaoneshe vipande. Halafu sauti yake ikawa ya ofisi. Alimwambia kwamba atalazimika kuandika kwa nini safari imegeuzwa, na kwamba atahitaji ile karatasi ya kupokelea gilasi.

"Nimeshaitia kwenye bahasha."

"Na ile safari yako ya Desemba, mama. Wataniuliza."

"Waambie."

Walirudi jua likiwa bado juu ya paa la ghala. Mumewe alikuwa ameuzungushia mkebe matofali manne ili mtu asiupige teke. Shemeji alipewa plau yake, akaondoka bila kunywa hata maji, kwa sababu alitaka kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wafungie kuku na mbuzi, dawa itapigwa. Mama Milimita alifungua ghala, akakaa mezani, akafungua rejista na saraka, akatoa kalamu nyekundu.

Haikuandika. Aliikwaruza juu ya karatasi, akaipumulia, akaisugua kati ya viganja. Wino ulikuwa umekauka ndani kwa miaka asiyoijua. Alitazama saa. Kanuni ilisema masahihisho yafanywe siku ile ile kosa linapogunduliwa, na duka la vifaa vya shule lilikwisha kufungwa. Alikwenda karakana akamwuliza mumewe kama ana kitu chochote chekundu.

Fundi alimtazama, akatazama kalamu. Mara hii hakutania. Aliingia ndani akatoka na kopo la rangi ile ya msingi inayopakwa vyuma kabla ya rangi yenyewe, nyekundu ya kutu, akamkatia kipande cha waya mwembamba na kukinoa ncha kwenye jiwe.

"Chovya kidogo," alisema. "Ukijaza itadondoka. Hii haifutiki, mama watoto. Ikishika imeshika."

"Ndiyo ninayoitaka."

Alijaribu kwanza nyuma ya kalenda mpaka mstari ukatoka mwembamba. Kisha akaweka rula. Tarehe 14 Oktoba, mstari mmoja, na juu yake 4.1. Tarehe 22. Tarehe 26. Tarehe 1 Novemba. Tarehe 4. Tarehe 9. Namba za zamani zilibaki zikisomeka chini ya mistari, na pembeni aliandika kila mara maneno yale yale, yote saba, bila kufupisha: Gilasi si ya mdomo huu, mpimaji hakulinganisha. Alichovya waya mara nyingi. Rangi ilinuka karakana. Kwenye ya tarehe 26 ilidondoka doa dogo chini ya namba, naye akaliacha, kwa kuwa kufuta kulikatazwa.

Mumewe alisimama nyuma yake mwishoni mwishoni, akinawa mikono kwa mafuta ya taa. Alisema kwamba kama ni geti, hiyo ingekuwa kazi nzuri.

Barua ya ofisi kuu aliitoa ndani ya jalada ili isishike rangi, akaiweka kwenye saraka. Rejista hakuifunga. Aliiacha wazi mezani, rula juu ya ukurasa mmoja na mhuri wa ghala juu ya mwingine.

Asubuhi ya tarehe 10, saa moja na nusu, gari la upekuzi lilipita barabarani na mapipa mawili na watu wanne nyuma. Dereva alipunguza mwendo akauliza njia ya korongoni. Fundi alimwelekeza kwa nyundo. Mama Milimita alikuwa ghalani akihesabu magunia, akasikia, akaendelea kuhesabu.

Saa tatu kasoro dakika mbili alitoka na gilasi, hatua arobaini na mbili. Kulikuwa na manyunyu alfajiri. Alifungua geti dogo, akamimina, akainama mpaka jicho likalingana na maji. Gilasi ilisema 0.8. Alirudi mezani. Rangi ilikuwa imekauka juu lakini bado inanata, kwa hiyo aliushika ukurasa kwa ncha za vidole, akaandika kwa wino wa bluu: tarehe 10 Novemba, mawingu sehemu tatu kwa nane, hakuna upepo, ardhi mbichi, 0.8 mara 2.56, mvua milimita 2.0. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika kwamba gilasi ya inchi tano imeombwa leo. Akajaza fomu ya kuiomba. Kisha aliisuuza ile ya inchi nane kwa maji baridi, akaiweka rafuni kichwa chini, kitako juu, ile 8 ikimtazama.